Muulize Fundi: Honda ya marehemu baba imekula kutu, naanzia wapi kuifungua?

Mwezi huu nimepokea maswali mengi ya pikipiki za zamani, sijui kwa sababu ya mvua zimewafanya watu wafunue maturubai au vipi, ila nimefurahi kwa kweli. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana naona humo ndani mna matatizo ya wasomaji wengi kwa pamoja.

SWALI: Fundi shikamoo, mi naandika kutoka Pangani. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, alikuwa na Honda CG125 nyekundu ambayo ndo ilitusomesha sisi wote, aliipanda mpaka macho yalipoanza kumsumbua afu akaiegesha nyuma ya nyumba akaifunika turubai, na toka hapo haijaguswa, sasa ni miaka 12. Juzi nimefunua nikakuta hali mbaya yaani ekzosi imetoboka, rimu zimekuwa kahawia, spoku nyingine zinakatika ukizishika tu, kava za injini zina unga mweupe, kiki haishuki hata kidogo. Muuza chuma chakavu kashakuja mara mbili, mama hataki hata kumsikia. Nina seti ya spana, nyundo, brashi ya waya na nafasi kwenye baraza la nyuma. Jumamosi nilijaribu kufungua kava ya klachi, skrubu mbili zimelika kichwa, bisibisi inazunguka tu, na ile bolti ndefu ya swingiamu (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) nimeipiga nyundo mpaka kichwa kikaanza kufutuka nikaacha. Jirani anasema nikodi grenda nikate kila kitu siku moja iishe. Je naweza kweli kuifungua nyumbani au najisumbua, na naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa mzee. Hujisumbui. Na jambo zuri ulilofanya mpaka sasa ni kuacha pale ulipoona bolti inafutuka, maana pikipiki nyingi nilizoletewa zimeshindikana, ukiuliza unaambiwa ilikaa nje miaka kumi haina neno, ikaharibiwa Jumapili moja mchana na mtu mwenye haraka na nyundo kubwa.

Bahati yako ni kwamba ni CG. Honda waliitengeneza hii miaka ya 1970 wakiwa wanafikiria nchi kama zetu, za vumbi na oili inayobadilishwa kwa kuchelewa, wakaweka valvu zinazosukumwa na fimbo badala ya cheni ya kwenda juu kwenye hedi, na cheni ya nyuma wakaifunika kava. Ni injini rahisi mno. Afu Wachina wakaja wakaiiga, kwa hiyo nusu ya bodaboda za Kichina unazoziona barabarani zina injini ya CG, na ndo maana ukienda Kariakoo leo utapata pistoni, ringi, valvu, gasketi, klachi, vyote, kwa bei ya kawaida. Kuwa makini na kitu kimoja tu, muuzaji anaweza kukupa pistoni ya 150 ambayo ina milimita 62 wakati ya kwako ni milimita 56.5, zinafanana mpaka uziweke pamoja, kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi.

Sasa kutokana na hilo ndo unapata jibu la swali la grenda. Kabla hujagusa spana chukua karatasi ugawe pikipiki yako mafungu mawili, vitu vinavyopatikana dukani na vitu visivyopatikana. Kwa CG ya zamani visivyopatikana ni fremu yenye namba yako, zile kesi mbili za injini, habu za magurudumu, tenki la asili, bracketi ndogondogo na kava zake. Vingine vyote, bolti, bushi, beringi, spoku, rimu, ekzosi, kebo, ni hela na safari ya mjini. Basi kila ukikwama jiulize, hiki ninachotaka kukivunja kiko fungu gani na hiki ninachotaka kukiokoa kiko fungu gani. Bolti ikigoma ndani ya fremu inakatwa bolti. Jirani yako hajakosea kusema grenda, kakosea kusema kila kitu.

Kabla ya yote tafuta kadi ya usajili. Futa shingo ya usukani kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, utaona namba ya chesisi imegongwa pale, na namba ya injini iko kwenye kesi ya injini, linganisha zote mbili na kadi ya mzee. Usitumie msasa wala brashi ya waya pale, kutu ikishaingia kwenye tarakimu ukisugua sana unaifuta na hapo utakuwa na pikipiki nzuri isiyoweza kuingia barabarani. Ukikuta namba haziendani na kadi malizana na hilo kwanza ndo utumie hela.

Hatua inayofuata ni kuiosha, na hapa watu wa pwani nisikilizeni. Turubai lililofika chini halizuii unyevu, linaufungia ndani, na upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inavuta maji hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo chuma kinaliwa usiku na mchana. Ziba tundu la ekzosi na kabureta kwa matambara, osha kwa maji matamu na sabuni, kama kisima chenu kina chumvi subiri maji ya mvua, rudia mara mbili, afu iache juani siku mbili nzima. Ukianza kupaka mafuta juu ya chumvi umeifunika tu, itaendelea chini kwa chini.

Ikishakauka piga picha. Nyingi. Kila waya unaingia wapi, kila kebo inapita upande gani wa shingo, washa gani iko kabla ya nati gani. Simu yako itakukumbusha mambo ambayo kichwa hakitakumbuka baada ya miezi mitano.

Dawa ya kulegeza. Ile ya kopo ni sawa ukiwa nayo, ila mi natumia mchanganyiko wa nyumbani, oili ya gia boksi ya otomatiki (ile nyekundu, ATF) nusu na asetoni nusu, weka kwenye chupa ya kioo maana asetoni inayeyusha plastiki nyingine, tikisa kila unapotumia kwa sababu zinajitenga. Kila jioni pita na kijibomba cha sindano uweke matone kwenye kila nati na bolti, gonga kichwa kidogo kwa nyundo ndogo ili mafuta yaingie kwenye uzi, nenda kalale. Wiki nzima. Ndiyo, wiki, na usifungue kitu hata kimoja. Asetoni inashika moto haraka sana, weka mbali na jiko la mama.

Skrubu za kava zilizokulika. Hapa wengi hawajui, zile skrubu za msalaba za Kijapani siyo sawa na bisibisi ya msalaba ya kawaida, zina kipimo chao kinaitwa JIS na mara nyingi zina kidoti kidogo kichwani. Bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, ukizungusha inapanda juu na kula kichwa, siyo kosa lako. Tafuta bisibisi ya JIS au ile ya kupiga nyundo, ambayo ukiigonga nyuma inazunguka yenyewe, ile ndo mkombozi. Hizo mbili zilizokwisha kichwa, chukua drili na biti ya milimita 6 toboa katikati ya kichwa mpaka kichwa kidondoke. Usiogope. Kava ikitoka utakuta kipande cha skrubu kimesimama nje, na kwa kuwa hakivutwi tena na chochote mara nyingi kinatoka kwa plaizi ya kubana kama hakikuwahi kugoma.

Ule unga mweupe ni alumini iliyooza. Chuma na alumini vikigusana kwenye maji ya chumvi vinafanya kama betri na alumini ndo inayoliwa, na ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe kwa hiyo unaibana skrubu kama kabari. Dawa yake ni joto. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukimwagia birika la maji yanayochemka kwenye kava pale skrubu ilipo, tundu linatanuka kuliko skrubu, unapata sekunde chache za kuizungusha. Usiende mbele tu, rudi nyuma robo, nenda mbele robo, ongeza mafuta. Moto wa gesi unafanya kazi zaidi ila kamwe usiuwashe wakati tenki liko juu ya pikipiki au mchanganyiko wa asetoni bado umelowa.

Skrubu za kava hazilingani urefu. Chukua boksi la katoni, chora umbo la kava, toboa matundu, kila skrubu ikitoka ichomeke kwenye nafasi yake kwenye mchoro. Ukiweka ndefu palipotakiwa fupi siku ya kufunga utapasua kesi, na kesi iko kwenye lile fungu la visivyopatikana.

Pistoni iliyoshika, usiikanyagie kiki. Ukikanyaga kwa nguvu unavunja gia ya kiki na pistoni bado iko palepale. Toa plagi, mimina ule mchanganyiko au dizeli kwenye tundu, iache hiyo wiki nzima ukiongeza kila siku. Afu weka gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma ulitikise mbele na nyuma polepole, ukisikia imesogea hata upana wa ukucha umeshinda, mengine ni subira. Isiposogea kabisa fungua hedi, weka kipande cha mti laini kinachoenea juu ya pistoni ugonge taratibu huku na huku. Ila kabla ya kutoa injini kwenye fremu legeza kwanza nati zote ngumu za injini, ya magneti na ya ule mtungi wa kuchuja oili upande wa klachi, wakati bado kuna fremu ya kuishikilia. Injini ikishakuwa chini kwenye gunia haina mtu wa kuishika, utaikimbiza baraza zima. Na ile nati ya mtungi wa oili ina mifereji minne, ina soketi yake maalum, mafundi wengi wanaipiga kwa tindo, we chonga bomba la chuma liwe na meno manne kwa fundi wa kuchomelea, ni kazi ya nusu saa.

Mpangilio wenyewe wa kufungua siyo siri: siti, tenki, kava za pembeni, betri na nyaya, kabureta, ekzosi, injini, magurudumu, swingiamu, mwisho shokapu za mbele na usukani. Nati za ekzosi nenda nazo kama yai, zile stadi (bolti zisizo na kichwa) zikikatikia kwenye hedi utatafuta fundi mchongaji. Breki za ngoma ukizifungua usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, lainingi za zamani zilikuwa na asbesto na vumbi lile linabaki kwenye mapafu, lowesha kwa maji ya sabuni ufute kwa tambara ulitupe. Na kabla hujakata spoku piga picha zilivyopishana na upime habu imekaa umbali gani kutoka ukingo wa rimu, kila upande, uandike. Asiyepima anapata gurudumu lililokaa pembeni.

Sasa ile bolti ya swingiamu. Hii nimeiacha mwisho makusudi kwa sababu inaniuma. Pikipiki ya kwanza kabisa niliyoifungua maishani ilikuwa Suzuki ya kaka yangu mkubwa, bolti hiihii ilikuwa imeshikana na bushi yake ndani, nikachukua nyundo ya kupasulia mawe nikapiga mchana kutwa. Ilitoka. Ila sikio la fremu lilipinda milimita chache tu, sikuliona, nikaja kuliona pikipiki ilipomaliza kupakwa rangi na gurudumu la nyuma halifuati la mbele, cheni inakula sproketi upande mmoja kila baada ya muda. Kaka hakusema kitu lakini aliiuza. Kwa hiyo we fanya hivi: toa nati, weka mafuta pande zote mbili kila siku, pasha moto bushi (tenki likiwa limeshatolewa na mafuta yote yamekauka), jaribu kuizungusha kwanza kwa spana ndefu kabla ya kuisukuma, ikizunguka kidogo tu itatoka. Ikigoma baada ya siku kumi, chukua ubapa wa msumeno wa chuma uupitishe kwenye uwazi ulio kati ya sikio la fremu na swingiamu, kata bolti upande wa kushoto, kata upande wa kulia, swingiamu itadondoka yenyewe. Umepoteza bolti moja na bushi zake, fremu iko salama.

Fremu ikibaki peke yake igonge kwa nyundo ndogo kila sehemu na usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufa. Angalia sana chini ya betri maana asidi huwa inamwagikia pale, kwenye stendi kubwa, na mahali bomba mbili zinapokutana. Ukisugua kutu hakikisha siku hiyohiyo umepaka redioksaidi (rangi ya msingi ya kuzuia kutu), kwa hewa ya Pangani chuma kilichosuguliwa asubuhi kitakuwa na rangi ya chungwa kesho yake.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mwanamke, naishi Unguja, nina Vespa ya zamani ya mume wangu nataka niifufue mwenyewe niwe naendea kazini. Sakafu pale pa kuweka miguu imeoza, unaona barabara. Fundi wa kuchomelea kaniambia nisihangaike kufungua, atabandika bati juu akiwa ameacha injini na tenki humohumo. Nimkubalie?

JIBU: Dada yangu usimkubalie, kwa sababu mbili.

Kwanza ni tenki. Liko chini ya siti, na tenki ambalo halina petroli ni hatari zaidi kuliko lililojaa kwa sababu kinachoripuka ni mvuke. Litoke kabla hata ya mashine ya kuchomelea kufika uani kwako, likakae mbali.

Pili, Vespa haina fremu. Lile bodi la bati ndo fremu yenyewe, toka Piaggio walipoanza kuitengeneza mwaka 1946 iko hivyo, kwa hiyo sakafu yako siyo pambo la kuwekea miguu, ndiyo inayounganisha mbele na nyuma. Akibandika bati juu ya iliyooza, chumvi na maji vinabaki katikati ya mabati mawili na baada ya misimu kadhaa mtakuwa mmerudi palepale, safari hii ukiwa barabarani. Inatakiwa ikatwe mpaka ifike chuma kizima, na kabla ya kukata achomelee nondo moja ya muda kutoka mbele kwenye kinga ya miguu kwenda nyuma chini ya siti, ili bodi lisijikunje sakafu ikishatoka. Achome vidoti vifupifupi huku na huku akipumzika, akichoma mstari mrefu bati litajipinda.

Kuitoa injini usiogope, wewe mwenyewe unaweza na mtu mmoja wa kukusaidia kunyanyua. Ni kebo za klachi, gia na breki, bomba la petroli, nyaya chache, bolti ya chini ya shokapu ya nyuma, na bolti moja ndefu inayopita mbele ya injini. Hiyo bolti ndefu hukamata kutu vilevile, msome huyu kijana wa Pangani hapo juu. Kebo zote zinapita ndani ya ule mgongo wa katikati ya sakafu, kwa hiyo kabla ya kuivuta ya zamani funga waya mwembamba kwenye ncha yake, ukivuta kebo waya unabaki ndani kuishika nafasi, siku ya kurudisha kebo mpya inafuata njia hiyohiyo. Wanaosahau hili huwa wanashinda siku nzima wakichokoa gizani.

SWALI: Sasa fundi, nasoma Thika na niko na nduthi ya mjomba ya zamani tunairekebisha na marafiki. Mmoja amesema tuweke kabureta na kava za injini kwenye maji ya kostiki soda usiku mzima ndio zitoke safi. Ni poa?

JIBU: Hapana, hapana kabisa. Kostiki inakula alumini yenyewe. Asubuhi mtakuta sufuria inachemka bila moto na kava imekuwa nyembamba yenye matundu, na ile povu inatoa hewa ya haidrojeni inayoripuka, mbali na kwamba tone moja kwenye jicho ni jicho limeenda. Kava za alumini zinataka mafuta ya taa na brashi ya plastiki kwa ule uchafu wa grisi, afu sabuni na maji ya moto, basi. Kabureta hali kadhalika, na msiiloweke kwenye siki pia maana ile madini yake ina zinki ndani, asidi inaitafuna. Jeti zake (vile vipande vyenye vitundu vidogo vya kupitisha petroli) zitoeni mzipulize, msichokoe kwa waya wa chuma.

Siki na chumvi ya ndimu ni kwa vyuma vitupu, bracketi, stendi, bolti. Usiku mmoja unatosha, afu osha, kausha, paka mafuta hapohapo. Spring za klachi na za valvu msiziweke kwenye asidi yoyote, zinakuwa na udhaifu wa ndani usioonekana na zinakatika baadaye.

Ila kwa kuwa mko shule na mnapenda kujaribu vitu, kuna njia ya umeme ambayo mimi naipenda kuliko zote. Ndoo ya plastiki, maji, na magadi meupe yaliyosafishwa, jamaa wa yale mnayolainishia maharagwe, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita 4. Ning'inizeni kile chuma chenye kutu katikati bila kugusa pembeni, kifungeni kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya volti 12, na waya chanya fungeni kwenye vipande vya nondo vilivyozunguka ndoo. Vitu viwili visigusane. Kutu inaachia polepole na chuma kizima hakiliwi, mnaweza kukiacha hata siku nzima. Fanyeni nje maana hapa pia inatoka haidrojeni, zimeni umeme kabla ya kutia mkono, msiweke chumvi ya mezani badala ya magadi kwa sababu inatoa klorini, na upande wa chanya msitumie kijiko wala chuma chochote cha stenlesi, maji yanageuka sumu. Alumini na vitu vya kromu visiingie kwenye ndoo hii.

SWALI: Assalam aleikum fundi. Niko Muscat, babu ana Honda 90 kule Wete, Pemba, imesimama miaka mingi. Nakuja likizo wiki tatu. Nataka niifungue, niipake rangi, niifunge na nimpakie babu twende msikitini kabla sijaondoka. Inawezekana?

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa wiki tatu na pikipiki iliyokaa kisiwani, hapana, na nakuomba usijaribu, maana wiki ya tatu ndo utaanza kupiga nyundo. Tumia hizo wiki tatu kufungua tu. Wiki ya kwanza mafuta na picha, ya pili kufungua, ya tatu kusafisha na kupima kila kitu na kuandika orodha ya vya kununua. Hizo Honda ndogo fremu yake ni ya bati lililokunjwa, angalia hasa ndani ya madigadi ya nyuma na chini pale betri inapokaa, matope hukaa humo. Kila sehemu iweke kwenye mfuko wake na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, wino unafutwa na mafuta, afu vyote kwenye boksi moja juu ya meza ya babu, siyo chini.

Likizo inayofuata utarudi na vifaa na utaifunga kwa siku nne tano. Mkae naye babu wakati unafungua, muulize kila kovu la hiyo Honda limetoka wapi, alianguka wapi, nani alichomelea lile sikio, hayo nayo yaandike. Na kama unataka kuondoka na kabureta uitafutie vipuri huko Muscat, ioshe, imwage yote na uikaushe juani siku kadhaa, ikiwa na harufu ya petroli uwanja wa ndege wataizuia.